Sauti Kwenye Kitufe cha Sita

Fanuel Okari alikuwa ametengeneza redio za watu pale Rangwe kwa zaidi ya miaka thelathini, na wateja walimjua kama mtu asiyeshtuka. Spika ikilipuka mbele yake, yeye hupeperusha moshi kwa kofia na kuuliza umeichomeka wapi. Ndiyo maana majirani wa duka lake bado wanaizungumzia ile Jumatatu waliyomwona ametoka nje mikono kichwani, akizunguka barabarani kama mtu aliyevamiwa na nyuki.

Asubuhi hiyo alikuja dijei mmoja wa Kendu Bay, msichana wa miaka ishirini na saba aitwaye Lynnet Achieng. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa leso, akakitua juu ya meza kwa uangalifu.

"Fundi, hii kitu itanimaliza. Jumapili niko na harusi Homa Bay, na mashine inawaka taa zote, lakini kompyuta inasema haioni kitu."

Fanuel alifungua leso. Ilikuwa kontrola ya madijei: bapa jeusi lenye sahani mbili za kuzungusha, swichi za kusukuma juu na chini, na vitufe vinane vya mpira kila upande. Hakuwa amewahi kugusa hata moja. Lakini waya ni waya. Aliuchomoa ule uliotoka kwenye mashine kwenda kwenye kompyuta, akaupima na mita yake, kisha akacheka puani.

"Nyara, binti yangu, huu waya ni wa kuchaji simu tu. Unapitisha moto, haupitishi habari. Ndani yake kuna nyuzi mbili. Hapa tunataka nne."

"Aki fundi! Wiki mbili nimelia na hii kitu!"

Alichakura kwenye boksi lake la takataka, akatoa waya mnene wa printa ya zamani, akauchomeka. Kompyuta ililia mlio mfupi. Lynnet alipiga makofi.

Kazi iliyobaki walifanya pamoja. Lynnet alifungua programu yake ya kutengenezea muziki, akaingia kwenye mipangilio, akachagua jina la kontrola katika orodha. Fanuel alimwelekeza sauti itokee kwenye mashine yenyewe, si kwenye vispika vya kompyuta, ili mkondo mmoja uende kwa watu na mwingine kwenye hedifoni zake. Kisha wakaanza kukifundisha kila kitufe kazi yake. Unabofya jina la sauti kwenye kioo cha kompyuta, unagusa kitufe, na kuanzia hapo vinajuana. Mwanzoni ukibonyeza, sauti ilichelewa kidogo kabla ya kutoka. Lynnet alipunguza namba fulani kwenye mipangilio, na uchelewaji ukaisha. Fanuel alifurahia jambo hilo kama mtoto.

"Sasa wewe gonga, fundi, mimi niangalie kwa kioo kama zimekaa."

Aligonga cha kwanza, ikatoka ngoma. Cha pili, kengele. Cha tatu, uzi wa nyatiti, kinubi cha Waluo. Cha nne, watu wakipiga mbinja. Cha tano kilitoa sauti ya mwanamke akiimba, na chini ya sauti yake jiwe likisaga nafaka ya wimbi, kwaru, kwaru. Fanuel aliinua kichwa kusikiliza, lakini kidole kilikuwa kimeshateremka kwenye cha sita.

"Fanueri," ilisema mashine.

Aliondoa mkono kama aliyeshika waya wenye moto. Duniani alikuwako mtu mmoja tu aliyelitamka jina lake hivyo, akivuta ile sehemu ya mwisho kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mtu huyo alizikwa mwaka wa tisini na nane, nje kidogo ya mji wa Migori.

"Imekataa?" Lynnet aliuliza, na kabla hajazuiwa akanyoosha mkono na kukigonga mwenyewe, mara tatu kwa mdundo, jinsi alivyozoea. "Fanueri, Fanueri, Fanueri."

"Wacha!"

Hapo ndipo alipotoka nje mikono kichwani. Lynnet alimfuata, akidhani amepigwa na umeme.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?" Fanuel aliuliza aliporudi. Alikaa kwenye kreti la soda.

"Kwa kaseti ya dana, nyanya yangu. Alikuwa na redio kubwa ya zamani, alinunua soko kabla hata mimi nizaliwe. Alipofariki nikaikuta na kaseti ndani. Nikaihamisha kwa kompyuta, nikakatakata. Kuna nini, baba? Umebadilika uso."

"Huyo ni mama yangu."

Lynnet alijishika mdomo. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema kwamba wimbo aliotengeneza kwa sauti ile watu walikuwa wameucheza mwaka mzima, Kendu Bay, Mbita, hata kisiwani Remba. Hakujua Kikisii. Lile neno la kitufe cha sita alidhani ni neno la wimbo.

Redio ile Fanuel aliikumbuka vizuri. Ndiyo ya kwanza aliyoifufua kwa mikono yake, alipomaliza kidato cha nne. Desemba ya mwaka wa tisini na moja aliijaribu kwa kumrekodi mama yake, Bochaberi, akisaga wimbi na jirani yao Nyasuguta. Wiki hiyo hiyo barua ilikuwa imefika kumwita chuo cha ufundi Kisumu, na mama yake akamwambia mbele ya watu, "Huendi. Mimi nimekataa." Hakumpa sababu. Fanuel aliiuza redio kwa hasira, pamoja na kaseti iliyokuwa ndani, na baba yake alipofariki miezi michache baadaye, akahamia Rangwe. Kwa mama yake huko Migori alienda kila Krismasi, akikaa saa moja na kuaga. Hata alipougua, alienda mara mbili tu.

"Kaseti yote unayo?" aliuliza.

"Yote, upande mzima. Hizo zingine wanaongea tu, sikuzitumia."

Lynnet aliifungua. Sauti ilijitandaza kwenye kioo kama mstari mrefu wa milima. Wakasikiliza wimbo hadi mwisho, halafu Bochaberi akaita, "Fanueri, ng'ombe amekata kamba," na ikasikika miguu ya kijana ikikimbia nje. Alikuwa yeye. Redio aliiacha ikirekodi, na hakuwahi kurudi kusikiliza kilichofuata.

Kilichofuata alikisikia akiwa na miaka hamsini na kitu, juu ya kreti la soda.

"Mbona hukumwambia ni baba yake aliyekataa?" Nyasuguta aliuliza ndani ya mashine, kwa Kikisii.

Jiwe lilisaga kidogo, kisha likanyamaza.

"Baba yake ana siku chache, unamwona mwenyewe," Bochaberi alijibu. "Anaogopa huyu naye atapotea kama Omwenga, na yeye mwenyewe afe bila mtoto wa kiume karibu. Fanueri ndiye anayemwogesha, ndiye anayemgeuza kitandani. Akijua, atamwogesha kwa uchungu. Wacha anichukie mimi. Mimi nina nguvu za kuchukiwa."

Omwenga alikuwa kaka yake mkubwa, aliyeenda Nakuru kutafuta kazi na hakurudi tena. Fanuel alinyoosha mkono kusimamisha sauti na hakujua kitufe kipi. Alibonyeza ovyo. Ngoma zikalia, mbinja zikalia, na mama yake akamwita tena na tena, mpaka Lynnet alipochomoa waya.

"Anasema nini?" msichana aliuliza.

Fanuel alijaribu kumtafsiria. Alifika kwenye maneno ya kuogesha, akalia. Lynnet, ambaye hakuwa ameelewa hata nusu, alianza kulia pia.

Siku ya pili yake alifunga duka, akaenda Migori. Nyasuguta alikuwa hai, mkongwe sasa, amekaa barazani akichambua mboga. Fanuel alimwekea sikioni simu yenye kipande cha kaseti alichotumiwa na Lynnet, akamwacha asikilize. Mikono ya yule mama iliachia mboga.

"Huyo ni Bochaberi," alisema. "Na huyo mwingine ni mimi. Uuu! Nilikuwa na meno!" Kisha akamtazama Fanuel usoni, akaelewa kilichomleta. "Kwani wewe hukujua?"

"Ningejuaje, mama?"

"Baba yako alipokwisha kuzikwa nilimwambia mama yako, 'Sasa mwambie kijana.' Akasema, 'Ataniuliza mwenyewe, na akiuliza nitamwambia.' Kila Krismasi nilikuwa namuuliza, je, ameuliza? Ananiambia bado." Nyasuguta alitikisa kichwa polepole. "Sisi tukadhani umejua kwa watu, ukaamua tu kukaa mbali."

Maneno hayo yalimchoma Fanuel kuliko yale ya kaseti. Miaka sita mama yake alikuwa amengoja swali moja, na yeye kila alipofika aliuliza habari za mahindi. Alikaa pale barazani hadi Nyasuguta akamletea uji na kumshikisha kikombe kwa mikono yote miwili. Baadaye walienda pamoja kaburini. Nyasi zilikuwa zimelifunika. Aliazima jembe, akalisafisha mpaka udongo mwekundu ukaonekana.

Alhamisi Lynnet alirudi Rangwe kuchukua mashine yake. Alisema ameshaitoa ile sauti kwenye wimbo, na kama fundi anataka, ataufuta wimbo wote.

Fanuel alipangusa vumbi juu ya mashine kwa kofia yake.

"Usiufute, na sauti ya mama yangu irudishe. Alipenda watu wakicheza. Jiwe acha lisage, yeye acha aimbe. Lakini hicho cha sita, usikigonge mbele ya watu. Hicho nipe mimi."

Lynnet alimwekea kaseti yote kwenye kijiti kidogo cha kuhifadhia faili, akamfundisha jinsi ya kuifungua kwenye redio moja ya dukani yenye tundu lake. Kisha akafunga kontrola kwa leso, pamoja na ule waya mnene wa printa, akaenda zake Homa Bay kujitayarisha kwa harusi. Fanuel alivuta kreti, akavaa hedifoni, na kuanzia mwanzo wa upande ule akasikiliza bila kugusa kitu.