Tangazo Lililotoweka Kabla ya Saa Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Makambako, nilikabidhiwa kitambaa cha kufutia vumbi kabla sijakabidhiwa kompyuta. Studio ya redio yetu ndogo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na vumbi la malori ya barabara kuu liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mkuu wa Kituo, mzee mrefu aliyevaa koti la sufu mwaka mzima, alituongoza katika sala ya asubuhi, kisha akanigeukia.

"Binti, unajua kuchapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa vidole vyote?"

"Kwa vinne, mzee."

Akacheka. "Vingine vitafuata. Lakini ukikosea jina la marehemu, ukoo mzima utakuja hapa, na mimi nitawaelekeza kwako."

Kazi yangu ilikuwa kupokea matangazo: misiba, ng'ombe waliopotea, vikao vya ushirika, na wito kwa ndugu walio mbali. Mtu alisimama dirishani akasema, nami nikachapa, na mtangazaji akasoma hewani saa saba mchana. Miaka ile simu zilikuwa nyingi mjini, lakini kambi za mbao msituni hazikuwa na mtandao. Wapasuaji mbao walikuwa na redio ya betri tu, na saa saba walizima misumeno wakasikiliza.

Baadaye nilihamishiwa Njombe, kwenye studio kubwa zaidi, chini ya Fundi Mkuu. Huyu alikuwa mtu wa Mlangali, mpole, mwenye utani usiokwisha. Ndiye aliyetuandikia programu ya matangazo kwa lugha ya skripti iitwayo Tcl. Lugha ya skripti ni lugha ambayo unaandika amri na kompyuta inaitekeleza palepale, mstari kwa mstari. Alinifundisha nami kwa subira, nikashika.

Niwaeleze vijana jinsi ilivyokuwa. Kwenye kioo kulikuwa na fremu, yaani visanduku vikubwa, kimoja kwa kila upande: Lupembe, Ludewa, Wanging'ombe. Ndani ya kila fremu kulikuwa na visanduku vidogo, kila kimoja na tangazo lake. Mwanzoni kulikuwa na kitufe kimoja tu. Tangazo likishasomwa mara ya mwisho, mtangazaji alikibonyeza na maneno yakafutika, kisanduku kikabaki kitupu.

Mhariri wa Matangazo, mama mmoja mzee wa kanisa, alipoona jambo hilo alisimama.

"Fundi, huyu marehemu amezikwa?"

"Atazikwa kesho, mama."

"Sasa mbona mmeshamfuta?"

Fundi Mkuu alijaribu kueleza kwamba ni kioo tu. Mama hakutaka kusikia. Kwetu huku, aliyeleta tangazo hurudi baadaye kusema shughuli imekwisha na kushukuru. Hilo tuliliita kufunga tangazo. Mama alisema hakuna mashine itakayofunga tangazo la watu kabla wenyewe hawajarudi.

Basi Fundi Mkuu akaibadilisha programu. Kitufe kikawa kinatumia amri ya destroy, ambayo huondoa kisanduku kwenye kioo. Lakini maneno yenyewe hayakukaa ndani ya kisanduku. Yalishikwa kwa jina maalumu, tulilolipa tangazo wakati wa kulichapa, katika kumbukumbu ya kompyuta, na kisanduku kilikuwa kama dirisha la kuyaonyesha tu. Jina lilifutwa pale wenye tangazo walipokuja kufunga. Fundi alinung'unika kwamba ameandika programu kwa ajili ya bibi mmoja, lakini aliiandika vizuri.

Siku ninayotaka kuwasimulia, alikuja dirishani baba mmoja wa makamo kutoka Matembwe, upande wa Lupembe, koti limelowa ukungu.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, baba. Karibu."

"Nina dada yangu, mgonjwa sana. Anamtaja mwanawe Festo tu. Kijana yuko kambi ya mbao huko ng'ambo ya Mlangali. Sasa tunamhamisha mgonjwa asubuhi hii, siyo nyumbani tena. Asije Matembwe akakuta mlango umefungwa."

Akanitajia kambi, hospitali na wodi, na mahali ambapo Festo angeshushwa na gari. Nilichapa moja kwa moja kwenye kompyuta, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali, akakimbilia gari la mgonjwa lililokuwa linamngoja. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Niliendelea na wengine.

Mtangazaji wetu, Mgaya, aliingia muda wake ulipokaribia. Aliona fremu ya Lupembe imejaa misiba iliyokwisha kusomwa, na kwa kuwa alipenda kioo kisafi, hakubonyeza kisanduku kimoja kimoja. Alifungua dirisha la amri, lile Fundi Mkuu alilotuachia, akaandika destroy na jina la fremu ya Lupembe. Fremu ikaondoka. Amri hiyo haibagui: ukiondoa kisanduku kikubwa, kila kilicho ndani yake kinaondoka nacho. Tangazo la Festo lilikuwa ndani.

"Dada," akaniita, na sauti haikuwa ile ya hewani. "Kulikuwa na tangazo jipya la Lupembe?"

"La mgonjwa wa Matembwe. Lipo hapo."

"Halipo."

Jina la kijana nililikumbuka, lakini kambi za ng'ambo ya Mlangali ni nyingi na akina Festo ni wengi. Hospitali je? Asubuhi ile nilikuwa nimepokea wagonjwa wa hospitali tofauti, na sikuthubutu kumpeleka mtoto wa watu mahali pasipo na mama yake. Tulipiga simu ya jirani yao Matembwe. Ilikuwa imezimwa.

"Nizime niwashe," Mgaya alisema, mkono tayari kwenye swichi.

"Acha!"

Sijawahi kumfokea mtu kazini isipokuwa siku ile. Programu ilihifadhi matangazo kwenye diski jioni tu. Angeizima, kumbukumbu ya asubuhi ingepotea yote. Fundi Mkuu alikuja na kikombe cha chai mkononi, akamtazama Mgaya aliyekuwa anatokwa jasho katika baridi ya Njombe.

"Umeua nani?"

"Fremu, mzee. Lupembe yote."

"Umebomoa nyumba, bwana. Watu wametoka salama. Dada, waite."

Nikakaa. Niliomba moyoni, maneno machache tu, kisha nikaandika puts, amri ya kuiambia kompyuta itoe inachokishika, pamoja na jina la tangazo. Nikabonyeza. Maneno yakatokea mstari kwa mstari kama nilivyoyachapa: Festo, kambi, hospitali, wodi, mahali pa kushukia. Mhariri wa Matangazo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Bwana asifiwe," na hakuongeza neno, ingawa alikuwa na haki ya kuongeza. Mgaya alisoma tangazo lile hewani kwanza kabla ya mengine yote, na akalirudia mwishoni.

Kisha tukasubiri. Hatukujua kama Festo alisikia. Jina lake lilibaki kwenye kumbukumbu siku zile zote, na kila asubuhi katika sala mkuu wa kituo cha Njombe alimtaja mgonjwa wa Matembwe.

Mahindi yalikuwa yameanza kuchanua alipokuja dirishani kijana mpana wa mabega, amebeba mfuko wa maparachichi.

"Naitwa Festo. Nimekuja kufunga tangazo."

Hakuna aliyethubutu kuuliza. Yeye akacheka.

"Mbona mmekaa kama msibani? Mama mzima! Jana amenigombeza kwamba sijui kupalilia."

Mgaya alitoka studio akamkumbatia, na Fundi Mkuu akasema, "Huyo ndiye aliyetaka kukubomolea, usimshike sana." Tulicheka hadi Mhariri akatukumbusha kwamba taa ya hewani inawaka. Kisha nikalifuta jina lile, maneno yakaondoka, na safari hii niliyaaga kwa furaha.

Sasa nimestaafu, ninalima viazi Mdandu na kuimba sauti ya pili kanisani. Vijana wakiniuliza kuhusu kompyuta, nawaambia watazame kilichomo ndani kabla hawajaamuru kitu kiondoke. Siku yangu ya mwisho kazini kituo kilikuwa kimepata mfumo mpya, na wakaniomba niifunge programu ya zamani mwenyewe. Nilipitia kwanza majina yote katika kumbukumbu. Kila tangazo lilikuwa limefungwa na wenyewe. Hapakuwa na mtu aliyekuwa bado anangojwa. Nikamshukuru Mungu, nikaandika destroy na nukta moja, maana nukta ndiyo dirisha kuu lenye kila kitu, nikabonyeza, nikachukua mtandio wangu nikaenda nyumbani.