Miaka Mitatu ya Mzee Chediel

Mzee Chediel, mchora ramani wa ofisi yetu ya ujenzi hapa Singida, alikuwa mtu wa mipango. Mwaka tisini na nane wafadhili walituletea kompyuta ya kuchorea. Mhandisi akamwambia, "Mzee, una wiki sita. Orodha ya kupunguza wafanyakazi inakuja, na asiyeijua mashine hii ataenda nyumbani." Mzee akakaa chini kupanga muda wa kujifunza. Akapanga miaka mitatu.

Jamani, alikuwa na hesabu zake! Enzi zake alichora mistari mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kuchora mlango. Basi kompyuta nayo hivyo hivyo: mwaka wa kwanza mistari, wa pili milango na madirisha, wa tatu paa. Ratiba yenyewe aliichora kwa wino, herufi za kupendeza, ikamla wiki mbili kati ya zile sita. Hongera zake.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Maelezo ya mafunzo ya kompyuta hiyo niliyachapa mimi, kurasa arobaini, na kitu cha kurasa arobaini kitakuingia upende usipende. Nikamwambia, "Mzee, humu nyumba inachorwa kwa vipimo vyake halisi. Kupunguza ukubwa ni wakati wa kuitoa kwenye karatasi."

"Redempta mwanangu, nyumba ya mita ishirini itaingiaje kwenye kioo hiki? Rudi kwenye taipu yako."

Nikarudi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki ya sita, siku ya kukabidhi mchoro wake wa kwanza wa kompyuta, akaitoa kwenye karatasi ramani ya zahanati ya Sepuka. Karatasi pana kama mkeka, na katikati yake kijidude kama punje ya uwele. Alikuwa ameigawa kwa mia, mashine nayo ikaigawa tena kwa mia.

"Kurekebisha itachukua muda gani?" nikamuuliza.

"Miezi minne," akasema, huku akiipima ile punje kwa rula. Huruma ikanishika, mjinga mimi. Nikamsogeza, nikaikuza mara mia. Dakika moja, nikaitoa upya. Mhandisi alipoingia akakuta zahanati nzima mezani. Nikasema, "Kazi ya Mzee Chediel hiyo."

Jumatatu orodha ikatoka. Chediel hayumo. Nimo mimi: mpiga chapa wa nini, walisema, wakati ofisi ina kompyuta, na mtaalamu wake tunaye!

Jioni Mzee akaja nyumbani kwangu Unyambwa, mtu wa miaka hamsini na nne, mimi ishirini na sita. Akasimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Shikamoo."

 Nikaitikia, "Marahaba," kwa sauti kubwa, majirani wasikie.