Siku Mama Vidonge Alipoingia Karakana

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Vidonge, naye jina hilo alilivaa kama nguo ya kutokea. Alikuwa na virusi vya UKIMWI tangu ujana wake, na mumewe alipofariki alisimama mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa akaitaja hali yake bila kupepesa macho. Watu wakampigia makofi. Kliniki nayo ikampa kazi ya kuwafuatilia wagonjwa waliokosa miadi na kuwarudisha kwenye dawa. Kazi hiyo aliiweza. Wazee wakaidi aliwabembeleza, vijana aliwatania mpaka wakameza vidonge huku wakicheka, na muuguzi mkuu alipenda kuwaambia wageni kwamba mikononi mwa mama huyu hapotei mtu.

Sifa zile zilimlevya kidogo.

Miongoni mwa watu wake alikuwemo fundi makochi, kijana mtaratibu, asiye na maneno mengi, ambaye hakuwahi kuruka dawa. Safari hii akakosa miadi, na simu yake ikawa haipatikani. Utaratibu ulikuwa wazi: mgonjwa hafuatwi kazini mpaka awe ameridhia mwenyewe. Mama Vidonge angeweza kumngoja dada yake fundi, ambaye ndiye aliyekuwa akimsaidia kukumbuka dawa, na ambaye alikuwa safarini kwa siku chache tu. Lakini wageni wa kliniki walikuwa njiani, naye hakutaka wakute mtu wake amepotea. Akatupia mkoba wa kliniki begani, huyo akaenda.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi na vumbi la sponji. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, misumari midogo ameibana midomoni, anavuta kitambaa. Kabla Mama Vidonge hajasalimia, seremala mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye randa yake.

"Mama Vidonge, leo umemfuata nani humu?"

Ulikuwa utani tu. Mama Vidonge angeweza kuuliza bei ya stuli akaondoka zake. Lakini macho yake yalikuwa yameshamfikia fundi, na mkono umeshanyooka. Akajaribu kuziba pengo, akasema huyu ni shemeji yake, amemletea salamu za nyumbani. Randa zikanyamaza. Fundi akatema misumari kiganjani, akasema kwa adabu kwamba amesikia, atakuja. Hakumtazama usoni.

Njiani Mama Vidonge alijiambia kwamba afya kwanza, midomo ya watu haiui mtu. Alijirudia hivyo hadi kliniki, na bado moyo ulimkatalia.

Fundi hakuja. Dada yake aliporudi safarini ndiye aliyekuja, na kiti alichopewa akakikataa. Alieleza akiwa amesimama kwamba ndugu yake ameacha kazi, amehamia upande wa pili wa mji kwa rafiki yake, na mkebe wa dawa ameuacha juu ya kabati. Miadi aliikosa kwa kuwa simu iliibiwa na karakana ilikuwa na kazi ya haraka. Dawa za akiba alikuwa nazo, na alikuwa akizimeza. Sasa ndio hazimezi. Mchumba wake naye alizisikia habari sokoni, akavunja uchumba.

Mama Vidonge alimwambia muuguzi mkuu yote, hakuficha kitu, akitumaini angalau agombezwe. Muuguzi akauliza tu watamrudishaje kijana kwenye dawa. Ingekuwa nafuu kama angepiga meza.

Walipitia kwa dada. Ilichukua muda kumshawishi, lakini mchana mmoja Mama Vidonge alifika nyumbani kwa dada huyo bila mkoba, kama mgeni yeyote, akamkuta fundi sebuleni. Alikuwa amekonda, na kila akitaka kusema anaanza na kikohozi. Maneno aliyokuwa ameyapanga akayaacha.

"Nimekukosea, mwanangu. Siku ile sikuja kwa ajili yako. Nilikuja kwa ajili ya sifa yangu."

Fundi alikohoa kwanza, ndipo akasema.

"Nilikuwa najiandaa kumwambia mchumba wangu mwenyewe, mama. Wewe la kwako ulilisema kwa mdomo wako. La kwangu ukanisemea."

Machozi yalimlenga Mama Vidonge, akayazuia, maana aliona yangemlazimu kijana aanze kumbembeleza yeye.

Fundi alikubali kurudi kwenye dawa, kwa sharti moja: kliniki nyingine, na mtu mwingine. Mama Vidonge alishughulikia uhamisho wake kimyakimya, akahakikisha wanampima na kile kikohozi. Tangu hapo haendi kwa mtu kabla ya kumuuliza wapi wakutane, na akikosa jibu hungoja, hata kama muuguzi mkuu anamkazia macho.

Miezi ilipita. Dada alipita kliniki akamwambia kwamba ndugu yake amenenepa, amepata karakana nyingine, na kwamba virusi sasa havionekani kwenye kipimo. Mama Vidonge alifurahi mpaka akamshika mikono. Dada akamwacha amshike, kisha akasema taratibu:

"Ila ameomba usiwe unamuulizia."

Akakubali. Siku hizi dada akipita, wanasalimiana, wanaulizana habari za kazi na za watoto, na Mama Vidonge huuma ulimi mpaka mwenzake akate kona.