Siku Tatu Bila Kushika Maji

Rønnaug alimpa mumewe sharti hilo akiwa anapaka siagi kwenye mkate wa safari. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo Syver alipojua mambo yameharibika. Mkewe akipiga kelele, hasira imekwisha. Akinyamaza na kupaka siagi mpaka kwenye pembe za mkate, bora uvute kiti ukae.

"Tunakwenda Bergen kwa Eldri, siku tatu," alisema. "Siku tatu za kukaa, Syver. Ukikaa kweli, tutarudi wote. Ukishika maji hata mara moja, utarudi peke yako. Eldri ana chumba. Nimeshakiulizia."

"Maji gani?"

"Yoyote yanayotembea."

Inafaa mjue Syver ni mtu gani, maana wapo watu Bergen ambao mpaka leo wanadhani alikuwa mhandisi aliyetumwa na serikali. Kwetu Skjåk, bonde kavu nyuma ya milima, mvua ikinyesha watu hutoka kibarazani kuitazama, na kabla hawajaitana imekwisha. Maji yetu hushuka kutoka mlimani kwa mifereji, na kila shamba lina saa zake za kuyapata. Mtu wa kufungua huku na kufunga kule, mwenye jembe begani na saa mfukoni, alikuwa Syver. Alifanya kazi hiyo majira ya joto arobaini na moja. Siku binti yao Eldri anazaliwa, baba yake alikuwa mferejini. Siku Eldri anaolewa, baba yake alikatiza hotuba yake mwenyewe, akatazama saa, akasema, "Samahanini, zamu ya shamba la juu inaisha," akatoka na suti yake mpya. Alirudi ikiwa na tope hadi magotini, keki imeshaliwa.

Na kila aliporudi, miaka yote hiyo, Rønnaug alikuwa amekaa mezani na kahawa. Syver angeketi, apige funda moja, aseme, "Kahawa imepoa." Rønnaug hakuwahi kujibu. Syver alidhani hana la kujibu.

Mwaka huu kamati ya mifereji ilinunua vilango vinavyofunguliwa kwa simu, ikamstaafisha Syver na kumzawadia saa ya mkononi. Mtu asiye na zamu ya kuangalia akapewa saa! Mimi ningeitupa mtoni. Yeye aliivaa.

Basi wakaondoka. Syver aliendesha gari kimya kupita milima, na jembe lake likiwa ndani ya buti, chini ya masanduku, limefungwa kwa blanketi la pikiniki. Alijiambia hakulichukua kwa nia mbaya. Mtu hawezi kuliacha jembe peke yake nyumbani siku tatu. Walipokuwa kwenye foleni ya kivuko, wakila mkate wao na jibini ya kahawia, mvua ikaanza. Syver alitoa shingo dirishani kama anavyofanya kila mtu wa kwetu, akasubiri iishe. Haikuisha.

Bergen walipokewa na Joakim, mume wa Eldri, mzaliwa wa mji huo na mtu wa maneno mengi. Maji yalikuwa yakimtiririka puani.

"Karibuni, karibuni! Samahani sana kwa hali ya hewa. Leo imeshindwa kabisa. Mngekuja Jumanne mngeona mvua!"

"Kwani hii ni nini?" aliuliza Rønnaug.

"Hii? Hii ni unyevunyevu tu, mama."

Nyumba ya Eldri ilikuwa chini kabisa kwenye uchochoro wa mawe, upande wa kushoto. Nyumba zote zimeegemeana, za mbao, nyeupe. Juu ya kilima mtaa uligawanyika njia mbili, kulia na kushoto, na maji ya mvua yalikuwa yakiteremka yote upande wa kulia, moja kwa moja hadi bandarini. Syver aliliona jambo hilo kabla hajashusha sanduku la kwanza. Aliiingiza mikono yote miwili mfukoni na kuibana humo.

Ijumaa ilikuwa ya mateso. Walikaa bandarini chini ya turubai, wakila supu ya samaki, familia nzima ikistarehe. Syver naye alistarehe kwa nguvu zake zote, jasho likimtoka. Alikalia mikono yake. Mbele yake bomba la paa moja lilimwaga maji kwa wingi ambao ungetosha mashamba matatu ya viazi.

"Nani anagawa haya maji?" hatimaye alimnong'oneza Joakim.

"Hagawi mtu. Yanakwenda baharini."

"Yote?"

"Yote."

Syver aliweka kijiko chini. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna nchi ambako mikate hutupwa ikiwa bado ya moto. Eldri alimuuliza kama anaumwa, akajibu hapana, anastarehe.

Nyumbani mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu Syver akiahidi, ameahidi. Maji ya bomba yanatembea. Kwa hiyo asubuhi na jioni alisimama bafuni na mswaki mdomoni, akimwita mkwewe.

"Joakim! Nifungulie!"

"Syver, mzee wangu, nadhani mama hakumaanisha bomba."

"Alisema yoyote. Fungua. Basi, basi, funga! Yanapotea!"

Rønnaug alisikia yote hayo kutoka jikoni. Eldri alimwona mama yake akiuma mdomo, asijue kama anazuia kicheko au kitu kingine.

Jumamosi Rønnaug na Eldri walikwenda kununua maandazi ya mdalasini. Syver aliachwa apunge hewa. Alipanda hadi kule njia zinapogawanyika, akasimama kwenye mvua, mikono mfukoni, akitazama. Haikupita dakika tano, akapita mama mmoja mwenye koti la mvua la njano na mbwa mdogo mwenye koti la njano vilevile. Alikuwa mwalimu mstaafu, jina lake Solfrid.

"Umepotea?" aliuliza Solfrid.

"Sijapotea. Naangalia maji yenu."

"Ndiyo, ndiyo, tunajua, mabaya. Nyie wa mashariki ya milima kazi yenu ni kulalamika tu."

"Mabaya?" Syver alimgeukia. "Mama, haya ni maji ya daraja la kwanza kabisa! Tazama kasi yake. Tazama yalivyo safi. Mimi nimefanya kazi ya maji miaka arobaini na moja, sijapata kuona maji yenye hiari ya kwenda namna hii."

Solfrid alisimama. Aliishi mtaani hapo miaka sitini, na hakuna mtu wa milimani aliyewahi kuisifu mvua yake. Uso ulimchangamka, akamwita jirani. Jirani naye akamwita jirani. Watu wa Bergen hawahitaji sababu kubwa ya kusimama nje na kuzungumza.

"Tatizo lenu ni moja," Syver aliwaambia. "Upande wa kulia unapata yote. Upande wa kushoto haupati kitu."

Watu wa kushoto wakatazamana. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua kwamba ananyimwa.

"Si haki hata kidogo," alisema mzee mmoja wa kushoto, maji yakimjaa kwenye kofia.

"Wapeni zamu. Mimi siwezi kushika, nimekatazwa. Lakini wewe, mama, hilo jiwe lililolegea, lisukume kwa mguu. Hivyo. Na wewe lete hilo boksi la samaki."

Rønnaug alipotokea kwenye kona na mfuko wa maandazi, alikuta watu tisa wameinama barabarani. Maji yalikuwa yamegeuzwa vizuri sana, kamati ya mtaa imeundwa, Solfrid ni mwenyekiti, na kwenye nguzo ya taa imebandikwa ratiba ndani ya plastiki: kulia saa mbili hadi saa nne, kushoto saa nne hadi saa sita, na kuendelea. Syver alimwonyesha mkewe viganja vyake.

"Mikavu," alisema. "Sijashika."

Rønnaug aliitazama mikono, kisha ile ratiba, kisha wale watu waliokuwa wakishangilia mtaro.

"Umekaa?" aliuliza.

Syver aliirudisha mikono mfukoni.

"Bado kesho," alisema Rønnaug, akashuka na maandazi yake. Chakula cha jioni Syver alikula kidogo mno, na hofu ilimshika kwelikweli, kwa sababu mlango wa kile chumba cha ziada ulikuwa wazi na Eldri alikuwa ametandika kitanda.

Jumapili ilishuka mvua ambayo hata Joakim hakuiombea radhi. Masanduku yalikuwa mlangoni, safari saa saba mchana. Walikuwa mezani, birika la kahawa katikati, Syver amekaa kwa adabu tangu saa moja, mikono chini ya mapaja, hajainuka hata kwenda dirishani. Saa nne na robo Joakim aliinua kidole.

"Kuna sauti huko chini."

Alifungua mlango wa chumba cha chini ya nyumba. Maji yalikuwa yamefika ngazi ya pili. Juu yake, kwa utulivu, kilielea kitanda cha kubembelezea mtoto ambacho baba yake Rønnaug alikichonga mwaka aliozaliwa Eldri. Kilizunguka polepole na kugonga ukuta.

Syver alielewa papo hapo. Aliwapangia saa mbili nzima kama wanavyopewa watu wa viazi, na maji yenyewe si ya kwetu, ni ya Bergen.

Joakim alikimbia nje na soksi. Walimsikia akibembeleza juu ya uchochoro, na Solfrid akimjibu kwa sauti ya darasani.

"Zamu ya kushoto ni mpaka saa sita, Joakim. Imeandikwa."

"Nyumba yangu inajaa!"

"Nakuonea huruma sana. Ila ratiba ni ratiba. Ukitaka ibadilishwe, kamati inakaa Jumanne."

Joakim alirudi ameloa. Yeye na Eldri wakamgeukia Syver. Nani mwingine wa kumgeukia? Kugeuza maji yale ni kazi ya dakika kumi kwa mtu anayeijua, na jembe lilikuwa hatua ishirini kutoka pale alipoketi.

Syver hakuinuka. Alivyokalia mikono yake ungedhani kiti kinataka kumrusha.

"Baba!" alisema Eldri.

"Nimekaa," alisema Syver. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Mwambieni mama yenu. Mimi nimekaa."

Rønnaug alikuwa hapohapo, upande wa pili wa meza. Alimtazama muda mrefu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akasimama, akavaa koti, akachukua ufunguo wa gari.

"Jembe limo chini ya masanduku, ndani ya blanketi," alisema. "Unadhani nani alilikunja upya hilo blanketi, wewe ulipolikunja vibaya?"

Dirishani Syver alimwona akipanda uchochoro na jembe begani. Solfrid alimzuia kwa ratiba.

"Aliyeandika hiyo ni mume wangu," Rønnaug alisema, na sauti ikafika hadi chini. "Na aliyekuwa akimkumbusha zamu za watu wote miaka arobaini na moja ni mimi. Nani alipokea simu? Nani alifungua mlango majirani walipokuja kugombana? Sogea, mama, na huyo mbwa wako."

Solfrid alisogea. Rønnaug hakuanzia juu kama Syver alivyozoea. Alianzia chini, akaziba, akapanda, akafungua, mapigo machache tu, na maji yakageuka yote kwa pamoja kwenda bandarini. Watu wa mtaa walipiga makofi. Syver alibaki mdomo wazi. Njia ile ilikuwa bora kuliko yake, na hakujua mkewe aliipata wapi, wala tangu lini.

Alimmiminia mkewe kahawa, akaiweka mahali pake.

Hakuja. Mtu wa kulia alimwita akaangalie mtaro wake. Syver aliimwaga kahawa katika sufuria, akaipasha, akaimimina tena. Hakuja. Sasa alikuwa ameingia uchochoro wa tatu, koti la njano likimfuata nyuma na daftari. Syver akaipasha mara ya pili. Mara ya tatu. Eldri na Joakim walikuwa chini wakichota maji kwa ndoo, na yeye peke yake mezani alisikiliza kila hatua inayopita nje, akisema ndiye huyu, na siye. Alitazama ile saa ya zawadi. Dakika hamsini. Hakuwahi kujua kwamba dakika hamsini zina urefu huo. Alijaribu kuzizidisha kwa majira ya joto arobaini na moja, akaogopa kufika mwisho.

Saa tano na nusu mlango ulifunguka. Rønnaug aliingia ameloa mpaka kwenye nguo za ndani, mashavu mekundu, tope hadi magotini, macho yanang'aa kama ya msichana. Aliketi, akapiga funda moja.

"Kahawa imepoa," alisema.

Syver alifungua mdomo kumwambia ameipasha mara tatu. Akaufunga. Alimtazama tu, na Rønnaug akamtazama, na wote wawili walijua ni kahawa ipi inayozungumziwa.

Akainuka, akachukua birika, akaenda kwenye sinki. Mkono ulifika karibu na bomba, ukasimama hewani. Joakim alikuwa chini na ndoo zake, hakuna wa kumwita.

"Rønnaug," alisema bila kugeuka. "Naruhusiwa?"

Rønnaug alikizungusha kikombe mezani. Nje mvua iliendelea kunyesha, ikienda baharini yote.

"Fungua," alisema Rønnaug. "Nipikie nzuri, na nyingine utie kwenye chupa. Tutakunywa njiani."