Muko na Kitu Imekufa?

Siku yangu ya kwanza kazini, kijijini Bwegera, direkta wa shule alinipa chaki mbili, akanionyesha darasa la watoto wadogo, wale wa materneli, akasema, "Ingine utajionea, mwalimu." Nilikuwa msichana, nimetoka kusomea ualimu mjini Uvira, na nilidhani kuna kabati mahali fulani ambalo ningeonyeshwa baadaye. Hapakuwa na kabati. Palikuwa na watoto juu ya mikeka, wananitazama mikono. Mkono mtupu haulambwi, na mtoto wa miaka minne analijua hilo kuliko sisi wakubwa.

Ninyi walimu wa siku hizi mnafikiri materiel, yaani zana za kufundishia, ni picha za kununua dukani. Sisi tuliitengeneza wenyewe. Vifuniko vya chupa nilivigonga kwa jiwe vikawa bapa, nikavitoboa kwa msumari uliopashwa moto kwenye mbabula ya makaa, nikavitunga kwenye waya, vikawa vya kuhesabia. Mikebe ya samaki ikawa magari. Kwa soli za kandambili nilichonga mihuri ya herufi: unaikata herufi kwa wembe, ikiwa imegeuzwa kinyume kama inavyoonekana kwenye kioo, unaichovya katika maji ya masizi, unaigonga kwenye karatasi. Soli mpya haifai, inateleza. Inayofaa ni ile laini iliyokwisha kukanyagwa sana. Nawaambia mapema msije mkaharibu nyembe zenu.

Soli hizo nilizipata kando ya mifereji ya mashamba ya mpunga. Nikitoka darasani nilitembea nimeinamisha kichwa, naokota. Sikujua kwamba kijiji kizima kinaniangalia. Kwetu kuokota ni jambo la kawaida, lakini kuokota-okota ni ugonjwa wa akili, au ni kitu kibaya kuliko ugonjwa. Anayechukua kiatu kimoja cha mtu, au kipande cha nguo yake, anasemekana amemchukua mwenyewe. Hata mimi nililijua hilo tangu nyumbani, ila machoni pangu soli ilikuwa soli tu.

Asubuhi moja akaja mama mmoja wa kijijini, Mama Riziki, ambaye mtoto wake alikuwa na homa kali. Alisimama nje ya mlango wa darasa.

"Mwalimu, unirudishie kiatu ya mutoto yangu."

"Kiatu gani, mama?"

"Ile uliokota ku mufereji. Bantu bamekuona."

"Nilifikiri imetupwa."

"Haikutupwa, ilianguka. Unirudishie tu, minye sitaki maneno."

Kiatu kilikuwa kimekwisha kuwa A, E, I na nusu ya O. Nilikusanya vipande vyote kwenye sahani, nikampa kwa mikono miwili. Alivifunga kwenye pindo la kitenge bila kunitazama usoni. Siku hiyo hiyo mtoto akapelekwa kituo cha afya, akapewa dawa ya malaria, akapona.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Ndiyo kwanza yalianza. Mtoto angekufa, wangesema ni malaria na mapenzi ya Mungu. Lakini alipona baada ya kiatu kurudishwa, basi ikawa wazi nani alikuwa amemshika. Kanisani benchi langu likawa pana. Kulikuwa na kijana aliyekuwa ananiposa. Wazee wake waliacha kuja kwetu, na yeye mwenyewe akaanza kupita njia ya nyuma ya mashamba. Nilimpenda. Nalisema hili kwa sababu wastaafu wakisimulia kazi zao huruka mambo ya namna hii, halafu mnabaki mkifikiri tulikuwa tunakula chaki.

Wakubwa wakanihamishia Luberizi. Habari zangu zilikuwa zimepanda gari kabla yangu. Direkta wa huko, mzee mnene mpenda mzaha, aliniita ofisini siku ile ile nilipofika.

"Banasema weye uko mulozi."

"Na weye unasema nini, direkta?"

"Minye ninasema uko na haya mingi. Mulozi njo anatembea kimya-kimya, anachukua. Weye usiokote tena. Uombe! Piga hodi, uulize: muko na kitu imekufa? Bakupatie na mukono yabo."

Kwetu kitu kikiharibika kimekufa: redio inakufa, mwavuli unakufa, hata kufuli inakufa. Basi kila Jumamosi nikawa napita mlango kwa mlango na mfuko wangu, nikiuliza swali hilo. Mwanzoni walinipa haraka-haraka ili niondoke. Lakini kitu kinachotoka mkononi mwa mwenyewe hakitoki bila maneno. "Mwavuli hii ilivunjikaka ku ndoa ya dada yangu." "Sahani hii bwana yangu aliirusha, uniulize ilikosa nani." Tulicheka pale pale kizingitini. Mbavu za ule mwavuli nilizifanya mikono ya wanasesere, na nilipokuwa nawachezesha darasani, niliwasimulia watoto habari za ile harusi. Jirani hawakunikaribisha ndani hata mara moja, ila walikuwa wameacha kunikimbia. Nikajiambia kizingiti kinatosha. Hakikutosha, lakini ndicho nilichokuwa nacho.

Nilimalizia kazi Kavimvira, karibu na mpaka, na huko nilikaa miaka mingi kuliko kwingine kote. Wafanyabiashara wa mpakani wana vitu vingi vilivyokufa: mizani, saa, mabegi yaliyopasuka zipu. Direktrisi wetu alikuwa mwanamke mkali. Alipoingia darasani mwangu mara ya kwanza aliuliza, "Mwalimu, hii ni klasi ama ni pubeli?" Nikamwambia ni vyote viwili, darasa na pipa la takataka. Baadaye alizoea, na siku miwani yake ilipovunjika alikuja kuniletea mwenyewe, akaketi, akanieleza tangu alipoivaa mara ya kwanza. Alikuwa mgeni wangu wa pekee mwaka ule.

Ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani mwa watu, ufuko ulijaa viatu. Mwalimu mwenzangu alinivuta mkono, "Tuende, leo njo utajiri yako!" Sikugusa hata kimoja. Vile havikuwa vimetupwa.

Sasa nimestaafu na magoti yamegoma. Siwezi tena kupita milangoni. Watu wa mtaa, ambao wengi wao niliwafundisha, hawajanisahau, na nawashukuru. Kila nikifungua geti asubuhi nakuta mfuko: vifuniko, mikebe, mkono wa kiti, soli nzuri zilizokanyagwa vya kutosha. Natengeneza, na shule inatuma mtu kuchukua. Lakini mifuko hiyo haina maneno. Mwavuli nauona umevunjika, sijui umevunjikia wapi. Anayeleta anaweka chini na kuondoka bila hodi, maana mwalimu amezeeka, asisumbuliwe.

Nikatengeneza kengele. Nilichukua mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, nikauning'inizia bolti ndani iwe ulimi wake, nikaufunga getini kwa kamba ya mpira wa tairi, mahali ambapo mtu hawezi kuacha mfuko bila kuugusa. Siku za kwanza ulilia mara nyingi. Kila ulipolia nilitoka mbio, kadiri ya magoti yangu, nikakuta upepo wa ziwani.

Kisha asubuhi moja nikaamka, jua limekwisha kupanda, na nje kimya. Mfuko ulikuwepo. Ndani ya mkebe, bolti ilikuwa imeviringishwa kitambaa safi, kikafungwa fundo vizuri. Jirani yangu alikuwa anapita na beseni lake la ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kichwani, akanipungia mkono.

"Tuliifunga, mwalimu! Upepo isikusumbue. Ulale muzuri!"

Akaenda zake sokoni. Nilisema aksanti, na sijui kama alinisikia. Nikavuta kiti mpaka getini, nikapanda, nikalifungua lile fundo. Bora nitoke mbio kwa ajili ya upepo kuliko kulala vizuri namna hii.