Jiwe la Cucu na Kipande cha Chupa

Tak-tak-tak. Mfuniko wa sufuria ukianza kucheza, maharagwe yakichemka, mimi huacha kazi nikasikiliza. Sauti hiyo, rafiki yangu, ndiyo iliyomrudisha cucu, bibi yangu, kwenye chakula.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, tulitolewa shambani kwetu juu ya Manyatta, tukasongamanishwa katika kijiji chenye handaki na walinzi. Baba alikuwa kizuizini, hatukujua kambi gani. Cucu, mama yake mzazi, alikuwa na jiwe angavu kama maji, alilopewa na shangazi yake wa Mbeere. Likiwa safi, mtu wako aliye mbali yu mzima. Likiingia ukungu, amekufa. Katika nyumba ya zamani lilikaa chumbani kwake miaka yote, likimeta.

Kibanda kipya hakikuwa na chumba, likawekwa ukutani karibu na jiko. Filimbi ya walinzi ikilia jioni, tulifunga mlango na mama akapika humo humo. Basi jioni moja cucu akainua macho, akaliona jiwe limeingia ukungu.

Hakulia. Alisukuma bakuli tu. "Kesho mninyoe nywele," akamwambia mama. Kwetu aliyefiwa hunyolewa.

Mama akaficha wembe. Kesho yake akambembeleza, "Onja hata kidogo."

"Nionje, na mwanangu yuko udongoni?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kuota ndoto mchana. Mama alisema ninaweza kuunguza hata maji. Lakini kwa kuota huko, nikikodolea sufuria, niliona mvuke unakwenda moja kwa moja ukutani penye jiwe. Nikaokota kipande cha chupa kando ya handaki, nikakiweka kando ya jiwe. Jioni ikaja: filimbi, mlango, tak-tak-tak. Vyote viwili vikaingia ukungu.

"Cucu," nikauliza, "na hii chupa ina mtoto kambini?"

"Wawira! Adabu!" mama akafoka.

Cucu akavichukua, akavipangusa kwa shuka, vikang'aa. Akavipulizia pumzi yake mwenyewe, haa, vikaingia ukungu tena. Akanitazama sana.

"Chupa ya pombe ya askari," akasema, "nayo imefiwa!" Akacheka hadi akakohoa. "Leta hayo maharagwe, mama Wawira, kabla hujayaunguza."

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nilichelewa kuelewa. Chupa yangu haikuonyesha kwamba baba yu hai. Ilionyesha tu kwamba jiwe halijui, na cucu aliliona hilo upesi kuliko mimi. Alirudi kwenye kungoja, kazi nzito kuliko kuomboleza, akangoja akila, mpaka baba akatokea mlangoni, mifupa na tabasamu. Hadi leo namshukuru: alimsikiliza mtoto, kisha akajaribu kwa pumzi yake.

Alfajiri iliyofuata jioni ile ya chupa, niliamka wa kwanza. Jiwe lilikuwa na ukungu. Ni baridi tu, nilijua. Nikalipangusa kwa pindo la gauni langu mpaka likameta, nikalirudisha pale pale, cucu angali amelala.