Eufrasia na Mfasiri wa Sinema ya Masatu

Eufrasia hakuwahi kuona sababu ya mtu mzima kulipa kiingilio ili akae gizani akitazama shuka. Ndivyo alivyoiita sinema ya Masatu pale Musoma, na hakukosea sana, maana pazia lilikuwa vitambaa vya marekani vilivyoungwa, na mshono ulipita katikati kiasi kwamba kila steringi, yaani shujaa wa picha, alitokea na kovu usoni. Jengo lenyewe lilikuwa ghala la pamba. Masatu, mtu wa Kabasa kule Bunda, alitajirika kwa kulangua ng'ombe, na Azimio la Arusha lilipotangazwa akaamka mjamaa kuliko wajamaa wote. Akalipaka ghala chokaa, akapanga mabenchi, akatangaza kwamba picha zake ni za kuelimisha umma. Umma ukaelimishwa namna ya kupigana mateke.

Jambo hilo lisingemhusu Eufrasia kama mumewe asingekuwa ndiye mfasiri. Mchana Kasmiri alikuwa karani wa mizani ya pamba. Jioni alisimama kando ya pazia na bomba la bati mdomoni, akiwaeleza watu kinachosemwa. Kiingereza alikuwa nacho cha darasa la nane. Kihindi hakujua hata salamu, na picha za Kihindi ndizo alizozieleza vizuri kuliko zote. Nyumbani mtu huyohuyo alikuwa wa "ee" na "haya". Eufrasia alimuuliza jambo asubuhi, naye akamjibu jioni kwa kukohoa.

Mwaka mmoja, Saba Saba ilipokaribia, Masatu alitangaza wiki nzima ya sinema, kila jioni picha mpya, mikanda ikiletwa kwa basi kutoka Mwanza. Baada ya onyesho la kwanza jirani yao Hyasinta alikuja kwa Eufrasia akijishika mbavu. Alieleza kwamba ndani ya picha kulikuwa na mama mkwe katili, na huyo mama alipofungua mdomo ukumbi mzima uliangua kicheko.

"Alisema, hii chumvi inaishaga kama vile mnaiogea," Hyasinta akasema. "Mama Wankyo, hayo si maneno yako?"

Yalikuwa yake. Aliyasema wiki iliyopita, tena kwa sababu Hyasinta alikuwa amekuja kuazima chumvi.

Jioni iliyofuata Eufrasia alijitanda khanga mpaka usoni, akaenda kukaa benchi la nyuma. Ukumbi ulijaa. Watu wa Kiriba, kwao Eufrasia alikozaliwa, walikuja na furu wakavu, visamaki vya ziwani, mfukoni wakatafuna tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wa Butiama walidai kukaa mbele, kana kwamba kuzaliwa Butiama ni cheo. Picha ilikuwa ya makauboi. Bastola moja ilimaliza kijiji kizima bila kuongezwa risasi, na wanaume wale wale walioshinda wakilalamika kwamba majembe ya ushirika ni mabovu hawakuuliza bastola hiyo ilitengenezwa wapi. Walishangilia.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya tajiri wa Kihindi aliyelia miaka na miaka kwa ajili ya mwanamke aliyekaa mtaa wa pili. Eufrasia aliona kwamba mtu huyo alichohitaji ni kuvaa viatu na kwenda. Lakini hakuwa amekuja kwa ajili ya tajiri. Alikuja kusikiliza wanawake wabaya, na kila picha ilikuwa na mmoja, na kila mmoja aliongea kwa kinywa cha Eufrasia. Mmoja alimwambia mumewe, "Kama nilikuwa nataka kuolewa na kiti, ningeenda kwa seremala." Mwingine aliuliza ni mume gani anakohoaga badala ya kujibu.

Kumbe Kasmiri alikuwa akisikia. Miaka yote Eufrasia alidhani anaongea peke yake, na yule bwana alikuwa ameweka kila neno. Eufrasia alikasirika, ingawa hakuweza kukana kwamba maneno yake yalikuwa matamu kuliko picha zenyewe. Akaendelea kwenda kila jioni, akiwadharau waliocheka, na Hyasinta zaidi ya wote.

Picha ya mwisho ilikuwa tena ya Kihindi. Mtoto aliugua homa, akafa mikononi mwa mama yake. Muuguzi akavuta shuka amfunike. Kasmiri akasema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka nyuma:

"Msimfunike uso. Anaogopaga giza."

Maneno hayo Eufrasia aliyasema mara moja tu maishani, wodini, siku surua ilipomchukua Nyangi, binti yao wa pili, mdogo wake Wankyo. Aliyesikia ni Kasmiri peke yake. Tangu walipomzika Kiriba, Kasmiri hakuwahi kulitaja jina la mtoto huyo.

Ukumbi ulilia. Walanguzi wasiomwonea huruma mkulima mwenye kilo zake za pamba walimlilia mtoto wa Kihindi. Mlangoni Masatu alijifuta macho huku akitazama mabenchi yalivyojaa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeridhika. Eufrasia hakulia. Alisimama, akakanyaga miguu ya watu, akatoka.

Asubuhi Kasmiri alikuwa akinywa uji Eufrasia alipokaa mbele yake.

"Baba Wankyo, yale ya chumvi chukua," alisema. "Ya kiti chukua. Lile la Nyangi lilikuwa letu. Umewapa watu wanaotafuna furu."

Kasmiri akakohoa.

"Usikohoe."

Kasmiri alizungusha kikombe. "Hapa nyumbani nilikuwa nashindwaga," akasema. "Kule ni giza. Hakuna mtu ananiangalia."

"Mimi nilikuwa nakuangalia."

Ndipo akalitaja jina. Akaeleza jinsi Nyangi alivyokuwa akimshika kidole njia nzima ya hospitali, halafu akarudi kwenye siku aliyoanza kutembea, halafu akapotea kabisa katika maelezo yake. Bila bomba la bati alikuwa msimulizi duni. Eufrasia alimsikiliza mpaka uji ukapoa. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimwambia kuanzia leo mama wa kwenye picha akifiwa, alie mwenyewe bila mfasiri.

Masatu aliirudisha picha ile kwa maombi ya umma. Mtoto alipokufa Kasmiri alishusha bomba, akakaa kimya. Watu walipiga miluzi, wakadai hela zao. Haukupita muda Masatu akamleta Bernado kutoka Bunda, mtu mwenye sauti kama honi ya lori, ambaye mama wote wa kwenye picha alizozifasiri walilia kwa kujigaragaza, na watu wakafurahi zaidi. Eufrasia hakushangaa. Hakuwa ametarajia jingine kutoka kwao.

Kasmiri alibaki na mizani yake. Krismasi ilipofika walikwenda Kiriba kupalilia kaburi, na mwanamume huyo aliongea njia nzima, zaidi kuhusu bei ya pamba, akianzia katikati na kumalizia popote, mpaka Eufrasia akamwomba apumzike kidogo.